Wandera, Jana Umepita Tena na Baiskeli

Wandera,

Ni mimi Owor. Usishangae mwandiko. Nimeandika mwenyewe kwa penseli, na herufi zimetawanyika kama kuku waliofukuzwa, lakini ni zangu. Karani wa posta alitaka kuniandikia. Nikamwambia kaa na kalamu yako. Huyu ninayemwandikia anaijua sauti yangu, akisikia maneno ya karani atafikiri na mimi nimekufa.

Jana umepita tena. Motokaa ya sinema ilikuja hapa Busia, wakafunga shuka lao kwenye nguzo mbili pale kiwanjani, na giza lilipoingia wakaanza na ile picha ya serikali ya kufundisha watu pamba. Ukatokea. Unasukuma baiskeli, gunia la pamba liko nyuma kwenye keria, umevaa lile koti lako refu. Ukageuza kichwa, ukacheka, ukasema neno moja, ukaenda zako. Watu hawashtuki tena siku hizi. Watoto wanapiga kelele, "Wandera huyo!" kama wanavyomwita steringi, shujaa wa picha. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kabisa, kwenye kigoda changu, karibu na nguzo ya kushoto, mahali ambapo mtu mwenye akili hawezi kukaa, kwa sababu kutoka pale picha inaonekana nyembamba kama ubao. Walinicheka. Waache wacheke. Nitakuambia kwa nini nakaa pale, lakini ngoja nianze mbali, maana tangu tukuzike hujapata habari.

Mvua ilikuwa imeanza tu tulipokulaza Dabani, kando ya baba yako. Udongo ulikuwa laini. Mimi nilishika jembe kuliko vijana wote, na mzee kama mimi, kila mtu aliona. Baada ya hapo ukoo wenu wakamvisha mjane wako Nafula koti lako, kama mlivyozoea ninyi, avae mpaka siku ya kumaliza msiba. Basi akawa anatembea nyumbani na koti lako limemfika magotini, mikono imefunika vidole. Nilikuwa nikimwona kwa nyuma akichota maji. Nafikiri ni wewe, umepungua.

Halafu Taaka akajifungua. Binti yako, kule ng'ambo ya Kenya alikoolewa. Mtoto wa kiume, Wandera! Wakwe wenyewe walisema, huyu ni babu yake, apewe jina lake. Lakini unajua mambo yenu. Jina la marehemu halitolewi kabla msiba haujamalizwa, na mwenye koti la marehemu haingii nyumba yenye mtoto mchanga. Kwa hiyo mtoto akakaa bila jina, wanamwita tu "mgeni", na Nafula amekaa Dabani na koti lako, anahesabu mvua. Aliniambia, "Shemeji, mikono yangu inawasha kwa kutaka kumbeba." Siku ya kumaliza ilikuwa imekwisha pangwa. Pombe ilikuwa imeanza kuiva.

Ndipo ukaja kutuharibia.

Lakini kwanza nataka kukukumbusha ule ubishi wetu, kwa sababu bila huo hutaelewa nilivyofanya.

Unakumbuka ukumbi wa Mhindi kule Tororo, Jumapili mchana? Mabenchi yale yenye kunguni, na wewe unatandika gunia kwanza ndipo ukae. Mimi nilikuwa nakaa hivyo hivyo, ngozi yangu kunguni hawaiwezi. Hakuna mtu kutoka Malaba mpaka Mukuju aliyeona picha nyingi kuliko mimi, na nasema hivyo mbele yako kwa sababu wewe ndiye wa pili. Wewe ulipenda zile za majini. Zulia linaruka, farasi ana mabawa, joka lina vichwa kama ndizi kwenye mkungu, mwanamke anageuka moshi. Mimi nilipenda picha za wanaume. Ngumi, upanga, farasi wa kweli anayetoka jasho. Nikakuambia, hizi zako ni za watoto, kamba ya lile zulia naiona kutoka hapa. Na wewe ukaniambia, kwa lile jina ulilonipachika, "Mbishi, na bastola ya steringi wako, lini umeona akiitia risasi?"

Nilihesabu risasi kwa vidole njia nzima mpaka mzunguko wa barabara, unakumbuka? Ulisema kweli. Anapiga, anapiga, risasi haziishi. Na kofia haianguki. Anapigana na watu sita katika baa, meza zinavunjika, kioo kinavunjika, kofia iko pale pale kichwani kama imepigwa misumari. Na wale sita hawaji pamoja! Anakuja mmoja, anapigwa, wengine wanasubiri zamu kama watu wa kliniki. Mimi niliyekuwa nabeba magunia mawili kwa mpigo pale Malaba, na nikapigana na madereva watatu siku moja, nakuambia watu watatu wanakuja pamoja. Hakuna zamu.

Wewe ulikuwa na hoja yako moja, ukaisema mpaka ikachakaa. Ulisema picha ya jini haidanganyi mtu, kwa sababu tangu mwanzo imekuambia, mimi ni ndoto, kaa uote. Lakini picha ya ngumi inakuambia mimi ni kweli, halafu inakudanganya. Sikukubali. Hata leo sikubali sana. Picha ya jini haina hofu, Wandera. Steringi akianguka kutoka mlimani, ndege mkubwa anatoka kusikojulikana anamdaka. Sasa nitaogopa nini? Katika picha ya upanga mtu akichomwa amechomwa. Kuna uzito. Nilikuambia hivyo, nikakupigia paja mpaka ukaruka.

Na kulikuwa na ile sheria yangu. Wewe uliicheka kuliko yote. Mtu akifa katika picha, amekufa. Nikimwona tena mwezi unaofuata katika picha nyingine, amevaa suruali nyingine, anaimba, mimi nasimama natoka nje. Nilikuwa nimemlilia yule! Siyo machozi, lakini moyoni. Halafu anarudi bila aibu. Unakumbuka yule jambazi mwenye kovu shavuni, alikufa mtoni akiomba maji, na baada ya muda akaja kuwa mfalme wa majini katika picha yako? Nilisimama nikapiga kelele ukumbini, "Huyu tulimzika!" Watu wote wakaniunga mkono, mabenchi yakapigwa, Mhindi akawasha taa. Wewe ulikuwa umejificha chini ya gunia kwa kucheka. Ukaniambia tukiwa nje, "Mbishi, siku nikifa nitarudi kwa picha, nione kama utatoka."

Ulisema hivyo.

Basi wiki ile ya kumaliza msiba, motokaa ikaja. Nafula hakutakiwa kwenda penye mkusanyiko, lakini picha ilionyeshwa Dabani safari hiyo, karibu na ghala la pamba, na nyumbani kwenu ukisimama uani shuka unaliona. Alisimama uani na koti lako. Mimi nilikuwa mbele na kaka yako Makokha na wazee wa ukoo. Barasa, yule msemaji wa motokaa, akashika kipaza sauti akaanza, "Mkulima bora hupanda mapema," na sisi tunapiga miayo, tunasubiri iishe waweke ya kauboi.

Ukatokea.

Wandera, sijawahi kuogopa. Wewe unajua. Simba aliyeingia Mukuju zamani, nani alitoka na panga? Lakini nilivyokuona unasukuma ile baiskeli, na gurudumu la mbele linayumba kama lilivyokuwa linayumba, na kile kiraka kwenye gunia alichoshona Nafula, nilimshika Makokha mkono. Uligeuka ukatutazama. Siyo sisi, ulitazama pembeni yetu, kule ambako hakuna kitu. Ukacheka. Ukasema neno, midomo tu, maana picha ile haina sauti. Ukaondoka. Na nyuma yetu tukasikia mlio, siyo wa mtu, na tulipogeuka Nafula alikuwa ameanguka uani. Koti kwenye shuka, koti kwenye majani. Koti moja, watu wawili.

Sheria yangu inasema nisimame nitoke. Nilisimama kweli. Halafu nikakaa tena. Umenishinda hapo, na ninajua umefurahi.

Asubuhi wazee wakakaa. Makokha hakuwa amelala, macho mekundu. Akasema, "Ndugu yangu anatembea. Amekuja kutafuta koti lake, na Nafula asiguswe." Mwingine akasema mtu hacheki na hewa, Wandera alikuwa anacheka na mtu tusiyemwona, na huyo mtu ni wa huko. Wakakubaliana. Msiba haumalizwi. Pombe imwagwe. Mjane akae na koti mpaka marehemu atulie, na jina lisitolewe, maana huwezi kumpa mtoto jina ambalo mwenyewe bado yuko barabarani nalo. Nikauliza mpaka lini. Makokha akasema, "Mpaka aache kupita." Nikamwambia hiyo picha wataizungusha mpaka Mbale na kurudi, miaka mingapi! Akaniambia mimi si wa ukoo, ninyamaze.

Mimi nikanyamaza?

Nilimtazama Nafula. Alikuwa amekaa mlangoni, anaikunja mikono ya koti na inateremka, anaikunja na inateremka. Hakulia. Alisema tu, "Basi mtoto atatembea kabla sijamshika." Nikaondoka nikaenda moja kwa moja kwenye motokaa ya Barasa kabla hawajawasha injini, nikasimama mbele ya magurudumu. Nikamwambia hamtoki hapa. Akasema, "Mzee, tuna ratiba." Nikamwambia ratiba yako nimeikalia. Alijaribu kupiga honi. Nilikaa chini, kwenye matope, na suruali yangu nzuri.

Mwisho akakubali kuonyesha tena ile picha ya pamba, mchana ule ule, ndani ya ghala, kwa sababu ghala halina madirisha, mlango wa bati tu. Wazee hawakutaka. Nikawaambia, ninyi mnamjua marehemu lakini sinema hamuijui, na mimi naijua. Mtu akirudi kweli, anarudi na neno. Anataka mbuzi, anataka kaburi lirekebishwe, anakasirika, anasogea. Njooni muone kama ana neno jipya. Makokha alikuja mwishoni, na Nafula alikuja nyuma yake, wakamwacha asimame mlangoni.

Mlango ukafungwa. Vumbi la pamba liliruka kwenye ule mwanga, nikafikiri ungependa sana, lilikuwa kama moshi wa majini yako. Ukapita. Makokha akasimama akasema kwa sauti, kwa Kisamia, lugha yenu, "Ndugu yangu, koti lako hili hapa." Hukusimama. Ukageuka pale pale, ukacheka pale pale, ukaondoka. Nikamwambia Barasa rudisha. Ukapita tena. Gurudumu likayumba pale pale. Makokha akakuita kwa jina la utotoni, lile ambalo sikuwahi kulijua. Hukusikia. Wazee wakaanza kunong'ona. Lakini yule mzee wa 'mtu hacheki na hewa' hakukubali, akasema, "Sawa, lakini anamcheka nani? Pale hakuna mtu."

Sasa Wandera, hapo ndipo nilipobaki na kazi ngumu. Kwa sababu wewe na mimi tunajua ulikuwa unamcheka nani.

Siku ile ya kupeleka pamba, wale watu wa picha wamesimamisha mashine yao kwenye miguu mitatu, wametuambia tupite tu bila kutazama. Nani asitazame? Nilivua kofia nikaivaa tena vizuri, nikatoa kifua, nikasimama kama steringi anayemsubiri adui mtaani. Wakanirudisha, nikapita tena, nikasimama tena. Mara ya tatu yule kijana wao akanishika bega, "Mzee, sogea pembeni." Mimi! Akaniweka kando ya njia, nje ya picha, na nikabaki pale pale nimetoa kifua kwa hasira. Ndipo ukapita na baiskeli yako, ukaniona, ukacheka mpaka gunia likatikisika, ukasema, "Mbishi!" Wakati wote ule baada yake niliwaambia watu wa Busia kwamba nimo ndani ya picha ya serikali, ngojeni mtaniona. Wewe hukutoboa siri yangu hata siku moja. Ulikuwa unatikisa kichwa tu.

Ningefanya nini? Nilisimama mbele ya wazee wote na Barasa na wanawake waliokuwa wanachungulia kwenye ufa wa mlango. Nikasema, ananicheka mimi. Wakanitazama. Nikamwambia Barasa rudisha tena. Nikaenda nikasimama kushoto kwa shuka, bega linagusa ukuta, nikavua kofia nikaivaa vizuri, nikatoa kifua. Mzee mzima. Nikasimama hivyo gizani, nasikia mashine inakoroma.

Ukaja. Ukageuka. Na safari hii, Wandera, ulinigeukia mimi, na ukacheka, na kila mtu aliona ulichokuwa unacheka.

Yule mzee aliyeuliza alicheka wa kwanza. Halafu Makokha, alianza kama mtu anayekohoa, halafu akacheka na machozi yanashuka. Na kule mlangoni nikasikia Nafula. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ulipolala. Alisema, "Hata mimi ningemcheka, tazameni kifua!" Walipofungua mlango jua likaingia, ukapotea kwenye shuka, na Makokha akamwendea Nafula akasema, "Shemeji, huyu hatafuti koti. Alikuwa anapita tu." Siku ya kumaliza msiba ikafanywa kama ilivyopangwa. Walimvua koti mbele ya nyumba. Kesho yake asubuhi Nafula alivuka mpaka kwenda Kenya kwa Taaka, wala hakupitia pale walipoweka gogo la kizuizi, alipita kwenye mihogo, ana haraka. Mtoto ni Wandera sasa. Ana masikio yako, pole yake.

Kwa hiyo nilishinda. Watu wanasema Owor alishinda ukoo mzima, na mimi siwakatazi.

Lakini kuna jambo sikuwaambia. Nilipokuwa nimesimama pale kando ya shuka, nilikuwa karibu na wewe kuliko mtu yeyote. Na kutoka karibu hakuna uso, Wandera. Kuna vitone tu, vyeupe na vyeusi, vinatetemeka. Uliposema Mbishi, midomo yako ilikuwa mikubwa kama mlango, na nikakujibu. Hawakusikia kwa sababu ya mashine. Nilisema, "Nipo." Na ukageuza uso wako ukaenda zako na baiskeli, kama ulivyokwenda mara zote. Mimi ndiye niliyewathibitishia kwamba hupo pale. Nilitoa hoja zangu zote, nikawashinda, na nilikuwa naomba moyoni mmoja wao anishinde.

Siku hizi nasikia gurudumu linayumba. Nikiwa nimekaa nje jioni, nasikia linapita barabarani, tik, tik, nainua kichwa. Ni baiskeli ya mtu mwingine. Nilikwenda Tororo Jumapili moja. Mhindi ameleta picha ya upanga, nzuri, watu wanachomwa kweli, na mara hii kofia ilianguka! Niligeuka kukuambia. Benchi lilikuwa na gunia limetandikwa juu yake, sijui la nani. Sikukaa juu yake.

Barasa ananiambia ile picha ya pamba imeanza kuchakaa. Ina mikwaruzo, mistari myeupe inashuka kutoka juu mpaka chini, kwa hiyo jana ulipopita ulikuwa kama unanyeshewa. Anasema siku moja itakatika, na sijui kama watairekebisha, maana ni ya zamani na serikali inataka kuonyesha kahawa sasa. Nikamwambia ikikatika anipe kile kipande. Akauliza nitakifanyia nini. Nikamwambia si kazi yako.

Basi nenda, rafiki yangu. Nakuaga hapa kwa sababu penseli imebaki kidogo kama jino, na nyumba imeingia giza. Nakuahidi mambo mawili. Nitakaa na yule mfalme wa majini mwenye kovu mpaka mwisho wa picha yake, akiimba aimbe, sitapiga kelele, ili nijue uliona nini ndani yake. Na kila motokaa ile ikija, Busia au Dabani, mvua au jua, nitabeba kigoda changu nikae kushoto kwa shuka, pale ambapo picha haionekani. Watu wanicheke. Wewe uligeuka ukanitazama mimi, na ukigeuka tena sitaki ukute hakuna mtu.

Owor, yule waliyemsogeza pembeni